Springi ya Mabapa: Hesabu ya Mkazo na Vipimo Vyake

Katika njia nyingi za vijijini si ajabu kuona gari dogo la mizigo limesimama kando, limelalia upande mmoja, na magunia ya mahindi yamepakuliwa chini. Fundi amelala chali uvunguni akifungua nati. Kilichovunjika ni springi ya nyuma: bapa moja limekatika karibu na katikati. Mwenye gari hushangaa, kwa kuwa bapa lililokatika ndilo lililokuwa nene kuliko yote, tena lilitiwa makusudi miezi michache iliyopita ili kuipa springi nguvu.

Mshangao huo una jibu, na jibu lenyewe limo katika fizikia na hisabati za shule ya sekondari. Makala haya yanaeleza jinsi mkazo ndani ya springi ya mabapa unavyokokotolewa, jinsi vipimo vyake vinavyochaguliwa, na kwa nini bapa nene likichanganywa na membamba huwa la kwanza kuvunjika.

Umbo na kazi ya springi

Springi ya mabapa ni fungu la vipande virefu vya feleji vyenye upana mmoja, vilivyopindwa kidogo mfano wa upinde, na kupangwa kimoja juu ya kingine kuanzia kirefu hadi kifupi. Bapa refu kuliko yote, yaani bapa kuu, hukunjwa ncha zake mbili zikawa matundu. Katika matundu hayo hupita pini zinazoishika springi kwenye fremu ya gari. Katikati, fungu zima hufungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U. Ncha moja hushikwa mahali pake, na nyingine hushikwa na kiungo kinachobembea, kwa sababu springi inaponyooka chini ya mzigo ncha zake husogea mbali zaidi.

Springi hii ina kazi mbili kubwa. Kwanza hubeba mzigo na kuuachia gurudumu lipande na kushuka katika mashimo bila kulirusha bodi la gari. Pili, katika magari mengi, springi yenyewe ndiyo inayoishika ekseli mahali pake. Kwa hiyo bapa kuu likikatika, ekseli yaweza kusogea upande mmoja na gari likapoteza mwelekeo. Hesabu za springi, basi, si zoezi la ubaoni tu. Ni hesabu za maisha ya watu waliomo garini na wanaotembea kando ya barabara.

Kinachotokea ndani ya bapa linaponepa

Mwalimu aweza kuanza somo na kifutio cha mpira. Mistari iliyo sambamba ichorwe kwenye ubavu wake, kisha kifutio kipindwe. Mistari itaachana upande wa nje wa mpindo na kukaribiana upande wa ndani. Maana yake ni kwamba tabaka za upande mmoja zimevutwa, tabaka za upande wa pili zimebanwa, na katikati lipo tabaka lisilovutwa wala kubanwa. Hilo na liitwe tabaka tuli.

Hali ni hiyo hiyo ndani ya feleji, ingawa jicho haliioni. Bapa lenye unene t likipindwa kuwa sehemu ya duara lenye nusukipenyo R, tabaka lililo umbali y kutoka tabaka tuli hurefuka kwa uwiano wa y/R. Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alichapisha kanuni yake kwamba urefu unaoongezeka hulingana na kani inayovuta. Mwaka 1807 mwenzake Thomas Young alieleza kipimo kinachoitwa leo moduli ya Young, E, ambacho huonyesha ukaidi wa maada dhidi ya kunyooshwa. Kwa hiyo mkazo katika tabaka hilo ni E × y/R. Mkazo hufikia upeo kwenye nyuso mbili za bapa, ambako y ni nusu ya unene. Mkazo huo wa upeo uandikwe S:

S = E t / 2R ............ (1)

Mlinganyo huu mfupi ndio ufunguo wa makala yote. Unasema kwamba mabapa mawili yakipindwa kwa kiasi kimoja, lililo nene zaidi ndilo lenye mkazo mkubwa zaidi.

Hatua ya pili ni kuunganisha mkazo na mzigo. Mkazo hukua polepole kutoka sifuri kwenye tabaka tuli hadi S usoni, kwa hiyo wastani wake katika nusu ya juu ya bapa ni S/2. Eneo la nusu hiyo ni b × t/2, ambapo b ni upana. Kani yote ya nusu ya juu, basi, ni S b t/4. Kani hiyo hutenda kwenye theluthi mbili ya njia kutoka tabaka tuli hadi usoni, yaani umbali wa t/3. Nusu ya chini ina kani iliyo sawa nayo lakini yenye mwelekeo wa kinyume. Kani hizo mbili ni jozi yenye mkono wa 2t/3, na momenti yake ni:

M = (S b t/4) × (2t/3) = S b t²/6

Hivyo:

S = 6M / b t² ............ (2)

Inafaa wanafunzi wajue kwamba hata mabingwa waliteleza hapa. Galileo Galilei, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alichunguza boriti iliyochomekwa ukutani na kuwekwa mzigo kwenye ncha. Aligundua kwa usahihi kwamba nguvu ya boriti hufuata upana mara unene kwa kipeo cha pili. Lakini alidhani kwamba tabaka zote huvutwa kwa kiasi kimoja na kwamba boriti hugeukia ukingo wake wa chini. Kwa sababu hiyo jibu lake lilizidi ukweli mara tatu.

Kutoka pembetatu hadi fungu la mabapa

Springi iliyofungwa katikati ni sawa na boriti mbili zilizochomekwa ukutani, kila moja ikiwa na urefu L, yaani nusu ya urefu wote. Springi ikibeba mzigo W, kila ncha hupata kani F iliyo nusu ya W. Momenti ya kani hiyo katikati ya springi ni F × L, na kwenye ncha ni sifuri. Bapa lenye upana ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho lingekuwa na mkazo mkubwa katikati tu, na chuma cha karibu na ncha kisingefanya kazi yoyote ya maana.

Dawa ni kulichonga bapa liwe pembetatu: pana penye momenti kubwa, na jembamba kuelekea ncha. Upana ukipungua sambamba na momenti, mkazo huwa sawa kila mahali na chuma chote hufanya kazi. Lakini pembetatu hiyo ingekuwa pana mno kuweza kukaa chini ya gari. Kwa hiyo hukatwa, katika fikra, kuwa vipande n vyenye upana b, na vipande hivyo hupangwa kimoja chini ya kingine. Ndivyo springi ya mabapa inavyozaliwa, na ndiyo sababu mabapa yake hupungua urefu kwa hatua zilizo sawa. Mhandisi Mfaransa Édouard Phillips alitoa nadharia ya springi za namna hii mwaka 1852, alipokuwa akishughulikia springi za mabehewa ya reli.

Upana wote kwenye kitako cha pembetatu ni n × b. Ukiwekwa katika mlinganyo wa (2) hupatikana:

S = 6 F L / n b t² ............ (3)

Na kwa kuwa mkazo ni sawa kila mahali, bapa hupinda kuwa tao la duara kamili. Kiasi ambacho ncha hushuka, yaani mnepo D, hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras. Katika pembetatu yenye pande R, L na (R − D):

(R − D)² + L² = R²

Mnepo ukiwa mdogo kuliko R, D kwa kipeo cha pili yaweza kuachwa, na hubaki D = L²/2R. Mlinganyo wa (1) ukitumika kuiondoa R:

D = S L² / E t ............ (4)

Milinganyo ya (3) na (4) yatosha kwa hesabu nyingi za mwanzo za springi.

Mfano wa kwanza: springi ya gari dogo la mizigo

Springi ya nyuma ina mabapa 6, kila moja lina upana wa milimita 60 na unene wa milimita 8. Urefu wote ni milimita 1,200, hivyo L ni milimita 600. Mzigo unaoikalia ni nyutoni 6,000, hivyo F ni nyutoni 3,000. Moduli ya Young ya feleji ichukuliwe kuwa 200,000 N/mm².

S = (6 × 3,000 × 600) / (6 × 60 × 8²) = 10,800,000 / 23,040 = 469 N/mm²

D = (469 × 600²) / (200,000 × 8) = milimita 105.5

Je, mkazo huu ni mkubwa? Chuma laini kinachotumiwa kwa nondo nyepesi za madirisha hupinda na kubaki kimepinda mkazo ukifika 250 N/mm² hivi. Springi ya chuma hicho ingelala siku ya kwanza. Feleji ya springi huwa na kaboni nyingi zaidi, pamoja na silikoni na manganizi au kromi. Hupashwa moto hadi iwe nyekundu, huzamishwa katika mafuta, kisha hupashwa tena kwa moto wa kadiri. Ikiisha kutendewa hivyo huweza kustahimili zaidi ya 1,000 N/mm² kabla ya kupinda moja kwa moja. Kwa hiyo mkazo wa 469 huacha nafasi ya mishtuko ya barabarani.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Kuzamisha feleji katika mafuta hubadili ugumu wake, lakini karibu hakubadili moduli ya Young hata kidogo. Bapa la chuma laini na bapa la feleji ya springi, yakiwa na vipimo sawa na mzigo sawa, hunepa sawa hadi lile laini linaposhindwa. Jicho huona mnepo; mkazo halioni, wala halioni ubora wa chuma.

Kwa nini lisiwe bapa moja nene?

Msomaji aweza kuuliza kwa nini fundi asiweke bapa moja tu lenye nguvu ya yote sita. Ili mkazo ubaki 469, n × t² lazima ibaki vilevile: 6 × 64 = 384. Bapa moja lingehitaji unene wa milimita 19.6, yaani kipeuo cha pili cha 384. Chuma kingepungua kuliko nusu, na jambo hilo laonekana faida. Lakini mnepo, hata bapa likichongwa pembetatu, ungekuwa:

D = (469 × 360,000) / (200,000 × 19.6) = milimita 43

Springi ya kwanza ilihifadhi nishati ya ½ × 6,000 × 0.1055, yaani juli 316. Ya pili ingehifadhi juli 129 tu. Nishati ambayo springi haiwezi kuipokea gurudumu linapogonga jiwe hupelekwa kwenye fremu, kwenye mzigo na kwenye mifupa ya abiria. Wembamba wa mabapa, kwa hiyo, si upungufu. Ndio unaoiwezesha springi kunepa sana bila mkazo kuzidi kiasi.

Bapa nene katikati ya membamba

Sasa lirejewe lile gari lililovunjikiwa. Tuseme bapa moja la milimita 8 lilitolewa, na mahali pake pakawekwa bapa la milimita 12 lililokatwa kutoka springi ya lori. Yote sita sasa yamefungwa pamoja na hupinda pamoja kwa kiasi kimoja, ikichukuliwa kwamba yalikuwa na tao moja kabla ya kufungwa.

Milinganyo ya (1) na (2) ikiunganishwa huonyesha kwamba momenti inayobebwa na kila bapa ni E b t³/12R. Kila bapa, basi, hubeba mzigo kwa kadiri ya unene wake kwa kipeo cha tatu. Kipeo cha tatu cha 8 ni 512, na cha 12 ni 1,728.

Springi ya zamani: 6 × 512 = 3,072
Springi mpya: (5 × 512) + 1,728 = 4,288

Ukaidi wa springi umeongezeka mara 4,288/3,072, yaani mara 1.4 hivi. Chini ya mzigo ule ule wa nyutoni 6,000, mnepo umepungua kutoka milimita 105.5 hadi 75.6. Gari limeinuka, na mwenyewe amefurahi.

Lakini mkazo je? Mlinganyo wa (4) ukipinduliwa husomeka S = E t D/L². Kwa bapa la milimita 8, kila milimita moja ya mnepo huleta mkazo wa 4.44 N/mm². Kwa bapa la milimita 12, kila milimita huleta 6.67 N/mm². Basi:

Mabapa ya milimita 8: 4.44 × 75.6 = 336 N/mm²
Bapa la milimita 12: 6.67 × 75.6 = 504 N/mm²

Mabapa matano yamepata nafuu, lakini lile nene linakazwa zaidi kuliko bapa lolote lilivyokazwa katika springi ya zamani. Na mambo hayaishii hapo. Mwenye gari, akiona halilali kama zamani, huongeza magunia hadi lilale vilevile. Mnepo ukirudi milimita 105.5, mzigo umefika nyutoni 8,375. Mabapa membamba yamerudi kwenye 469, na bapa nene limefika 703 N/mm².

Kisha gurudumu linatumbukia shimoni na springi inanepa milimita 60 zaidi. Mnepo wote ni milimita 165.5. Mabapa membamba yana mkazo wa 735 N/mm². Bapa nene lina mkazo wa 1,103 N/mm², ambao ni mpaka wenyewe wa uwezo wa feleji. Ndiyo maana likakatika lile lililodhaniwa kuwa mlinzi wa wenzake. Halikukatika kwa sababu lilikuwa dhaifu, bali kwa sababu lilipindwa sawa na mabapa membamba hali unene wake haukuliruhusu.

Njia iliyo salama ni kurudisha bapa lenye unene ule ule wa mwanzo na tao lile lile. Na hata pale springi inapoimarishwa kwa hesabu sahihi, ekseli, breki na matairi hayakuimarishwa. Uwezo wa gari ni uwezo wa kiungo chake kilicho dhaifu.

Kuchagua vipimo

Mara nyingine kazi huwa kinyume: mzigo unajulikana, na springi ndiyo inayotafutwa. Hapo utaratibu ni kuanza na unene, si idadi ya mabapa. Tuseme linaundwa tela ambalo kila springi yake itabeba nyutoni 5,000. Urefu wa springi ni milimita 1,000, mkazo usizidi 450 N/mm², na mnepo unaotakiwa ni milimita 80.

Kwanza, unene kutoka mlinganyo wa (4):

t = S L² / E D = (450 × 500²) / (200,000 × 80) = milimita 7.03

Uchaguliwe unene wa milimita 7. Pili, upana wote kutoka mlinganyo wa (3):

n b = 6 F L / S t² = (6 × 2,500 × 500) / (450 × 49) = milimita 340

Mabapa yakiwa na upana wa milimita 50, idadi ni 6.8, yaani 7. Idadi hukadiriwa kwenda juu daima; mabapa 6 yangeleta mkazo wa 510 N/mm², nao umekatazwa. Tatu, majibu yahakikiwe: kwa mabapa 7 mkazo ni 437 N/mm² na mnepo ni milimita 78. Yote mawili yanafaa.

Urefu wa mabapa hupungua kwa hatua za 1,000/7, yaani milimita 143. Urefu huo ni 1,000, 857, 714, 571, 429, 286 na 143. Sehemu iliyobanwa na bolti za U hainepi, kwa hiyo watengenezaji hufanya masahihisho kwa ajili yake, hasa katika mabapa mafupi.

Yafaa pia ijulikane kwamba bapa kuu haliwezi kuchongwa hadi ncha, kwa kuwa lina matundu ya pini. Kwa sababu hiyo hukazwa zaidi kuliko hesabu ya pembetatu inavyosema. Watengenezaji hulipunguzia taabu kwa kuyapa mabapa ya chini tao kubwa kidogo kuliko lake. Fungu likikazwa kwa bolti, bapa kuu hupindwa kwanza kinyume cha mzigo. Mzigo ukija, huanza kwa kuuondoa mkazo huo.

Uchovu wa metali

Springi haivunjiki kwa shimo moja tu. Mhandisi Mjerumani August Wöhler alichunguza ekseli za reli katika miaka ya 1850 na 1860. Alionyesha kwamba metali inayokazwa na kulegezwa mara nyingi huvunjika kwa mkazo mdogo sana kuliko ule inaouweza kwa mara moja. Huo ndio uchovu wa metali. Ufa mdogo huanzia usoni, kwenye mkwaruzo, kutu au tundu, na hukua kidogo kidogo kila gurudumu linaporuka.

Katika springi iliyofungwa kama ilivyoelezwa, uso wa juu wa kila bapa ndio unaovutwa, na hapo ndipo ufa hupenda kuanzia. Isipokuwa kwa bapa kuu, uso huo umefichwa na bapa la juu yake. Kwa hiyo fundi mwangalifu hulifungua fungu na kulisafisha kabla ya kutoa hukumu. Hutazama hasa pembeni mwa tundu la bolti ya katikati. Kuchomelea bapa lililokatika ni hatari vilevile: moto wa kuchomelea huuharibu ugumu uliopatikana katika mafuta, na kando ya kiungio hubaki feleji iliyo laini mno au iliyo kavu kama kioo.

Wahunzi wa Afrika ya Mashariki wanaijua siri hii kwa mikono yao. Springi kuukuu za magari zimekuwa mapanga, mashoka na visu vyao kwa muda mrefu. Mhunzi huilainisha feleji motoni ili aifue, kisha huirudishia ugumu kwa kuichovya. Ajuavyo yeye, moto hutoa na moto hurudisha, kwa mwenye kuupima.

Jaribio la darasani

Vinatakiwa rula mbili za mbao zilizo sawa, klempu, gundi ya mbao, mfuko mdogo na mawe yaliyopimwa uzito.

1. Rula moja ibanwe ukingoni mwa meza, sentimita 25 zikitokeza nje. Mfuko utundikwe kwenye ncha, na mnepo upimwe.
2. Rula ya pili iwekwe juu ya ya kwanza bila gundi, zibanwe pamoja, na mzigo ule ule utundikwe. Mnepo utakuwa karibu nusu.
3. Rula hizo zigundishwe, ziachwe zikauke vizuri, na mzigo ule ule utundikwe tena. Mnepo utakuwa karibu moja ya nane.

Rula zisizogundishwa huteleza, kila moja ikiwa na tabaka tuli lake. Zikigundishwa huwa bapa moja lenye unene mara mbili, na 2 kwa kipeo cha tatu ni 8. Wanafunzi waulizwe: ili ncha ishuke kwa kiasi kile kile, ni rula zipi zenye mkazo mkubwa zaidi? Jibu ni zile zilizogundishwa, mara mbili ya zile huru.

Maswali

1. Springi ya mfano wa kwanza imeongezwa bapa la saba lenye milimita 8. Tafuta mkazo na mnepo kwa mzigo wa nyutoni 6,000.
2. Springi ina mabapa 4 yenye upana wa milimita 50 na unene wa milimita 6. L ni milimita 450 na F ni nyutoni 1,200. Tafuta mkazo na mnepo.
3. Kutu imeyala mabapa yote ya springi ya mfano wa kwanza, na unene wake umebaki milimita 7. Mkazo chini ya nyutoni 6,000 umeongezeka kwa asilimia ngapi?
4. Mwenye gari anasema, “Springi hii ni imara kwa sababu hailali.” Mjibu kwa kutumia mlinganyo wa (1).

Majibu: (1) 402 N/mm², milimita 90.4. (2) 450 N/mm², milimita 75.9. (3) Umefika 612 N/mm², ongezeko la asilimia 31 hivi. (4) Kutolala ni dalili ya ukaidi, si ya uimara. Mabapa yaliyofungwa pamoja hupinda pamoja, na lililo nene ndilo hukazwa kuliko mengine.